Limi Bujiku, Aliyepima Kila Uzi kwa Shingo Yake

Waombolezaji wenzetu, majirani wa Tinde, na ninyi mliotoka Samuye, Isaka na Katoro: haya ni maisha ya Limi Paskalia Bujiku, Mama Enock, aliyelala hapa mbele yenu. Yameandikwa na yanasomwa na Mariana, mke wa kwanza wa Enock, kwa kuwa ndiye aliyeishi na marehemu miaka ishirini na miwili na ndiye anayezijua tarehe. Ukoo uliomba wasifu mfupi. Utakuwa mrefu kidogo, maana marehemu anazikwa na sifa ambayo si yake, na kuna mtoto mdogo anayetakiwa kuvuliwa jina kwa ajili ya sifa hiyo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Mei 1953 kijijini Samuye, mtoto wa tatu wa Mzee Bujiku Masanja na mkewe Nkwimba. Ulikuwa msimu wa kuvuna pamba. Mama yake alishikwa na uchungu shambani, na kwa kuwa hapakuwa na kitu kingine safi karibu, mtoto alilazwa juu ya lundo la pamba iliyokwisha kuchambuliwa. Mzee Bujiku alipofika hakuuliza ni wa kike au wa kiume. Alisema, "Mmenichafulia pamba ya daraja la kwanza." Nkwimba akamjibu, "Pamba itauzwa keshokutwa, Baba. Huyu hauzwi." Marehemu alipenda kuisimulia habari hiyo, na kila alipofika kwenye jibu la mama yake alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya khanga.

Alisoma Shule ya Msingi kijijini hapo kuanzia mwaka 1963 hadi 1966, akaishia darasa la nne. Kaka yake aliendelea, yeye akarudishwa nyumbani kuchunga ndama na kuteka maji. Hakuwahi kuwatukana wazazi wake kwa hilo. Lakini alipompokea Mariana, mkwe ambaye kwao Salawe hakuwahi kukanyaga darasani hata siku moja, kazi ya kwanza aliyompa haikuwa kupika. Alimketisha na boksi la mabonge ya uzi, akamfundisha herufi kutoka kwenye lebo. Mwaka mmoja ulipopita Mariana aliweza kusoma lebo yoyote na kujua uzi ni wa pamba tupu, au ni sufu, au ni ule wa kiwandani uliotengenezwa kwa malighafi ya plastiki. Jambo hili linasemwa hapa mapema ili mtu yeyote asije akamtetea Mariana huko mbele kwamba hakujua kusoma.

Tarehe 19 Agosti 1972 marehemu alifunga ndoa na Charles Ngassa, aliyekuwa akipakia na kupakua mizigo katika stesheni ya Isaka. Walijaliwa watoto wanne, wawili wakatangulia wangali wachanga. Kule Isaka ndiko alikofundishwa kufuma na jirani yake Ghati, mke wa mfanyakazi wa reli aliyetoka Tarime, mwanamke mkali wa mdomo. Ghati alikuwa akimfumulia sweta zima kwa kosa la kitanzi kimoja, akimwambia, "Limi, huu ni mtego wa samaki au ni nguo? Anza upya."

Mwaka 1974 alizaliwa Dorah. Mtu alimletea zawadi, sweta jekundu, la kupendeza, linalong'aa. Mtoto alivishwa siku tatu akalia siku tatu. Walimpa maji ya mwarobaini, walimsugua tumbo, na kumbe kilichomliza ni kola. Siku ya nne marehemu alilivua lile sweta, akalifunga shingoni mwake mwenyewe, akaenda nalo kuteka maji na kurudi. Alipolifungua shingo ilikuwa imemwiva. Alilifumua lote, uzi akausukia kamba ya kufungia kuku. Kuanzia siku ile hakumfumia mtoto wa mtu nguo yoyote kabla hajaupima uzi.

Wengi hapa mmemwona akipima, na wengine mlikuwa mkimcheka. Uzi mpya aliunusa kwanza. Akakata kipande chenye urefu wa mkono, akakifua kwa sabuni ya kipande na maji ya vuguvugu, kwa kuwa alisema uzi wa dukani hupakwa kitu kiwandani kiufanye uwe laini mpaka umeshalipia. Akaukamua kwenye kitambaa cheupe aone kama unatoa rangi. Kipande kingine alikichoma: pamba hunuka karatasi na kuacha majivu, ule wa plastiki hujikunja ukawa kijidonge kigumu. Kile kilichofuliwa kikishakauka alikizungusha shingoni chini ya taya, akakaa nacho akichambua mchele au maharage, jasho likimtoka, maana mtoto naye atatoka jasho. Akihisi kinamwasha, hata kidogo, uzi ulirudi dukani. Mwanaima, muuza nyuzi wa sokoni Shinyanga mjini, alizoea. Alikuwa akimwona anaingia anasema, "Jamani, shingo imefika."

Marehemu alikuwa na neno moja juu ya kazi hii: "Zawadi ya mtoto huchaguliwa na mwenye mdomo, ikavaliwa na asiye na mdomo." Kwa sababu hiyo mishono aliiweka nje, mafundo hakuyaweka shingoni wala kwapani, na vifungo hakutia kabisa. Familia ilipohamia Tinde mwaka 1989 hakuna mzazi wa mtaa huu aliyejifungua asiletewe kofia au kijisweta cha pamba na Mama Enock. Hakuangalia dini wala kabila. Mzee Charles alifariki tarehe 2 Novemba 2007, na hata kipindi cha eda alifuma.

Mariana aliolewa na Enock mwezi Aprili 2003 na wakapata binti mmoja, Lusia. Mwaka 2012 Enock alikwenda machimboni upande wa Geita. Alisema anakwenda miezi sita. Mariana hakusikia habari za mke mwingine kwa mumewe, wala kwa mshenga, wala kwa barua. Alizisikia tarehe 11 Juni 2023, saa nne asubuhi, akiwa amekaa na marehemu chini ya paa la jikoni. Simu ya marehemu ilikuwa imewekwa sauti kubwa kwa sababu sikio moja lilikuwa limeanza kuwa zito.

"Mama, mkweo amejifungua!" Enock alisema. "Mtoto wa kike."

"Mkwe yupi?" marehemu akauliza. "Mkwe wangu ninaye hapa, anakata mchicha."

"Loveness, Mama. Nilikuwa nataka kuja kukueleza. Tumempa mtoto jina lako. Anaitwa Limi. Utamfumia shali, eti Mama?"

Marehemu aliikata simu bila kuaga, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Alimtazama Mariana, akasema, "Ng'wanawane, mwana wangu, mimi nimezaa mtu asiye na haya." Kisha wakamaliza kukata mchicha.

Ieleweke kwamba wakati huo mkono wa kushoto wa marehemu ulikuwa umekufa. Kiharusi cha kwanza kilimpata tarehe 8 Machi 2022, na tangu hapo hakuweza kushika sindano mbili. Alichagua uzi, Mariana akafuma. Alikuwa akitania, "Mimi shingo, wewe mkono, tukikatwa hapa katikati tumekwisha." Wiki moja baada ya simu ile alimwita Mariana, akasema mtoto hana kosa, amebeba jina lake, na atafumiwa shali kama watoto wengine wa mtaa. Marehemu akamwambia, "Sikuombi umpende mama yake. Nakuomba mikono."

Vilikuwapo vipande viwili vya uzi mweupe kutoka kwa Mwanaima. Marehemu alivipima vyote kwa muda wake wa kawaida, akachagua kile cha pamba. Kile cha pili alikitupa chini akisema, "Huu ni upupu uliovaa gauni." Akampa Mariana kile cha pamba kiwe mfano, akamtuma mjini.

Mariana alipanda gari akiwa na kile kipande mfukoni. Aliposimama mbele ya rafu za Mwanaima alinyoosha mkono akaonyesha ule mwingine.

"Mama Lusia, leo umekosea," Mwanaima alisema. "Huo mama mkwe wako hauchukui hata ukipewa bure."

"Nipe huohuo."

"Si ni wa mtoto?"

"Ni wa mtoto."

"Wa kwenu?"

"Wa kwao."

Mwanaima aliufunga akisema, "Haya. Shingo si yangu."

Mariana aliisoma lebo akiwa njiani kurudi. Aliisoma vizuri. Alifuma shali ile siku kumi na mbili na kila kitanzi alikijua. Marehemu alipoomba aiguse, Mariana alimwekea kiganjani kile kipande cha pamba, akashika shali kwa mbali ili aione uzuri wake. Marehemu alikikunja kile kipande, akatabasamu, akasema, "Basi itampendeza." Shali ilipelekwa Katoro, alikoishi Loveness, kwa basi, ikiwa ndani ya mfuko safi, na salamu za bibi.

Hakuna aliyemshika Mariana mkono. Alikuwa amekaa miaka kumi na moja akifua shuka za mama wa mtu aliyemwacha, na alitaka mtoto yule alie usiku mmoja au miwili ili mama yake akose usingizi. Ndivyo alivyowaza. Hakuwaza joto la Katoro na nyumba za bati. Hakuwaza kwamba Loveness, kwa kuheshimu zawadi ya bibi, angemfunika mtoto kwa shali ileile kila siku, na mtoto akilia amfunike zaidi.

Shingo ya mtoto iliwasha, ikavimba, mtoto akajikuna, ikawa vidonda, vidonda vikaingia usaha. Alilazwa siku kumi na tisa. Daktari alisema ni ngozi imekwaruzwa na nguo kisha ikaingia uchafu, akaandika dawa, na mtoto akapona. Maneno ya daktari yalikuwa mafupi. Ya watu yalikuwa marefu. Upande wa Loveness walisema bibi ametuma kitu ndani ya shali, kwamba alimnyima mtoto radhi kwa ajili ya mkwe wake wa kwanza. Wakasema ana macho mekundu. Macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi wa kuni na mavi ya ng'ombe, kama ya kila mwanamke wa umri wake aliyewapikia watu katika nchi hii. Ninyi mnajua katika mkoa wetu mwanamke mzee akiitwa neno lile kinachoweza kufuata. Hakuna haja ya kulitaja.

Jumapili ya tarehe 17 Septemba 2023, watu wakitoka misani, Enock alifika. Hakusema shikamoo. Aliitoa shali kwenye mfuko wa rambo akamtupia mama yake mapajani, majirani wakiwa wamesimama kwenye uzio.

"Mama, uzi huu kachagua nani?"

Marehemu aliweka mkono wake mzima juu ya shali. Aliupitisha mara moja tu. Mariana alikuwa mlangoni, ameshika beseni, na aliona vidole vile vikisimama. Mtu aliyegusa nyuzi kwa miaka hamsini haulizi.

"Nimechagua mimi," marehemu alisema.

"Wewe mwenyewe?"

"Nani mwingine huchagua uzi katika nyumba hii? Mimi."

Hakumtazama Mariana. Na Mariana alikwenda kumwaga maji.

Wiki ile kofia zilianza kurudi. Scolastika wa nyumba ya pili ndiye aliyetangulia, alimkabidhi marehemu vijisweta viwili mkononi, angalau hivyo, akasema, "Utusamehe, Mama Enock, ni mume wangu." Wengine walizining'iniza kwenye uzio wakaenda zao. Zilirudi kumi na moja, nyingine zimevaliwa na watoto watatu mfululizo wasipate hata kipele. Kanisani benchi lake likawa lake peke yake. Mzazi akijifungua mtaani, mlango ulifungwa mapema. Mmekuja leo na sare za vitenge, na mmelia vizuri. Mariana hawezi kuwasema, kwa sababu ninyi mlidanganywa na yeye ndiye aliyedanganya. Lakini tunajua wote nani alipita njia gani ili asikutane naye.

Mwezi mmoja baadaye, akimwogesha, Mariana alishindwa kuendelea. Alisema, "Mama, mimi nilikudanganya."

"Umechelewa kuniambia," marehemu alisema. "Nisugue mgongo."

"Nitakwenda kuwaambia."

"Utawaambia, halafu? Enock anatafuta sababu ya kukutoa humu tangu lini? Utakwenda wapi? Salawe hawakukutaka hata ukiwa mtoto. Na Lusia aache shule kidato cha pili, awe kama mimi na wewe?"

"Lakini wanakuita…"

"Nasikia wanavyoniita. Sikio moja zima." Kisha akasema kwa ukali ambao Mariana hakuuzoea, "Ulimfanyia vibaya mtoto mwenye jina langu. Hilo usinifanye nikusamehe leo kwa sababu umelia. Lakini hutatoka katika nyumba hii nikiwa hai. Ukienda kusema, nitasema umechanganyikiwa. Subiri mdomo wangu ufungwe."

Hakulitaja tena. Alimsamehe au hakumsamehe, Mariana hajui hadi leo. Kilichobadilika ni kwamba hakuomba tena kupima uzi. Mariana alimletea kipande mara mbili, na mara zote mbili aliugeuza uso ukutani.

Mwezi Januari mwaka huu alianza kushindwa kumeza. Alilazwa hospitalini Shinyanga tarehe 3 Machi 2025 kwa kiharusi cha pili, na Alhamisi tarehe 13 Machi, saa tisa alasiri, alifariki dunia. Dorah alikuwa amemshika mguu, Mariana amemshika mkono ule uliokufa, kwa kuwa ule mzima hakustahili. Neno lake la mwisho lililosikika vizuri lilikuwa siku mbili kabla, alipouliza kama Lusia amefanya mtihani. Aliambiwa amefanya.

Juzi kikao cha ukoo kilikaa. Enock alisema katika orodha ya wajukuu yule mdogo aandikwe Jenipha, maana upande wa mama yake wameshaamua kumbadilisha. Hawataki mtoto abebe jina la mtu wa namna ile. Wazee wakainamisha vichwa. Mariana alichukua karatasi akaandika haya mnayoyasikia, akampelekea katekista Abel ayapige chapa.

Abel alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama Lusia, na hapa nako niandike?"

"Andika."

"Unajua baada ya hapa huna nyumba."

"Najua. Yeye alikaa ndani ya nyumba bila jina. Andika, Mwalimu, jua linakwenda."

Kwa hiyo Enock, shali ile ulimtupia mtu asiyeistahili. Mariana hajakusamehe uliyomtendea, na hatasema uongo mbele ya jeneza. Lakini lile ni lako na yeye, na hili ni la mama yako. Loveness, uliyekaa pale kwenye mkeka na mtoto: kovu lililopo shingoni mwa mwanao lilifumwa na Mariana, kwa kujua, kitanzi kwa kitanzi. Bibi yake alimchagulia uzi ulio laini kuliko wote. Mtoto ni wako na jina utachagua wewe. Ukiona Jenipha linakufaa, liwe Jenipha. Ila usimvue Limi kwa sababu ya shali. Na mkimaliza matanga, ukoo ukimtaka Mariana aondoke, ataondoka bila kuitisha kikao.

Marehemu ameacha watoto wawili, Dorah na Enock, mdogo wake, Onesmo Bujiku wa Samuye, wakwe watatu, na wajukuu sita: Charles, Paskalia, Donatus na Mwashi wa Dorah, Lusia wa Mariana, na Limi wa Loveness, mwenye umri wa mwaka mmoja na miezi tisa.

Mama Enock hakumdhuru mtoto wa mtu yeyote. Mungu ampe mapumziko ambayo sisi tulimnyima.